Ugonjwa Huanzia Kinuni

Kazi ya lishe ya umma ina kosa ambalo karibu kila anayeiingia hulifanya mwanzoni. Ugonjwa ukizidi nchini, macho yote huelekea kwenye sahani ya mwananchi: anakula nini, mbona hali mboga, mbona amenenepa. Mabango yanachapishwa, semina zinafanyika, fedha inakwisha, na hesabu za wagonjwa zinabaki palepale. Inachukua miaka kukubali kwamba sahani ni kituo cha mwisho cha safari ndefu. Mengi yamekwisha kuamuliwa shambani, ghalani, kinuni, kiwandani, na katika ofisi inayopanga zao gani lipewe ruzuku. Tunawaandikia wanaoanza: maofisa wa lishe, wenye vinu, wakulima, na wabunge wanaoletewa muswada wa unga au chumvi wasijue waulize nini. Makosa mengi yaliyomo humu yalikwisha kulipiwa na watu wengine, na wengi wao walilipa kwa maisha yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mchele. Mwishoni mwa 1882 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Japani, Ryujo, ilitweka ikiwa na watu 376. Kabla safari haijakwisha, 169 walikuwa wameugua beriberi: miguu inakufa ganzi, mwili unavimba, moyo unashindwa kazi. Watu 25 walikufa. Daktari wa jeshi hilo, Takaki Kanehiro, alikuwa ameona kwamba maofisa, waliokula vyakula vya aina nyingi, hawakuugua kama mabaharia ambao shibe yao ilikuwa wali mweupe karibu mtupu. Mwaka 1884 akafanikisha meli nyingine, Tsukuba, kupelekwa njia ileile, ila mlo ukabadilishwa: nyama, maziwa na mkate vikaongezwa. Safari hiyo wagonjwa hawakufika 20, na hakuna aliyekufa.

Takaki alidhani dawa ni protini. Hakuwa sahihi, kilichokosekana ni thiamini, yaani vitamini B1, ambayo wakati huo haikuwa na jina. Lakini alikuwa amepima, amelinganisha, na amebadilisha chakula chenyewe badala ya kuwahimiza mabaharia wajichunge. Jeshi la nchi kavu la nchi hiyohiyo lilikuwa na madaktari walioshikilia kwamba beriberi inaletwa na vijidudu, likaendelea na wali mweupe. Katika vita na Urusi vya 1904 na 1905 makumi ya maelfu ya askari wake waliugua, na maelfu wakafa kwa ugonjwa ambao wenzao wa majini walikuwa wamekwisha kuudhibiti miaka ishirini kabla. Hilo hutuuma zaidi kuliko takwimu yoyote. Maarifa yalikuwapo, katika nchi ileile, na hayakutumika.

Huko Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, katika miaka ya 1890, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakidhoofika miguu, na wakirudishiwa mchele wenye ngozi yake wanapona. Naye alikosea kwanza: alifikiri wanga una sumu na ngozi ina kiuasumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba kuna kitu kinachokosekana. Ukiwa katika kazi hii, zoea swali hilo. Kila ugonjwa wa mlo uuulize mara mbili: kimeongezwa nini, na kimeondolewa nini?

Kinachoondolewa ni rahisi kueleza. Punje ya nafaka ina tabaka za nje zinazogeuka pumba, ina kiini kinachochipua mmea mpya, na ina wanga katikati. Vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye pumba na kiini. Kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Ndiyo maana unga usiokobolewa hauvumilii kukaa kama ule mweupe. Mwenye kinu anayetoa kiini si lazima awe mtu mbaya. Anatafuta unga unaoweza kusafirishwa mbali na kukaa dukani. Ukija kwake na lawama tupu utatolewa nje, na utastahili. Mwendee na njia mbadala: asage kidogokidogo, auze upesi, na unga usiokobolewa aueleze mnunuzi kuwa ni wa kuliwa ndani ya wiki chache na kuwekwa mahali pa baridi.

Kwa mpunga iko njia ya kale iliyo bora zaidi. Mpunga huloweshwa, ukapikwa kwa mvuke ungali na maganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Maji na joto husukuma sehemu ya thiamini kutoka ngozi ya nje hadi ndani ya punje, kwa hiyo hata ukikobolewa baadaye si yote inayopotea. Nyumbani, mchele uliokobolewa usioshwe mara tano wala usichemshwe kwa maji mengi ya kumwagwa, maana thiamini huyeyuka ikaondoka na maji hayo.

Mahindi yalifundisha somo gumu zaidi, kwa sababu yanahusu shamba na si kinu peke yake. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, waliolima mahindi kabla ya watu wote, huyachemsha na chokaa. Kipimo cha kawaida ni chokaa ya kutumika kwenye chakula, kama asilimia 1 ya uzito wa mahindi. Huchemshwa nusu saa hadi saa moja, huachwa usiku kucha, asubuhi maji humwagwa na punje husuuzwa vizuri. Chokaa ya kujengea haifai. Inaweza kuwa na uchafu wenye sumu. Kazi hiyo huachilia niasini, yaani vitamini B3, ambayo katika mahindi makavu imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, mbegu ilisafiri na maarifa yakabaki. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alikuwa tayari anaeleza pelagra kwa wakulima maskini wa Asturias, Hispania: ngozi inababuka kwenye jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo.

Marekani ya Kusini ilipata pelagra yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dk. Joseph Goldberger kuuchunguza ugonjwa huo. Wengi waliamini ni wa kuambukiza. Yeye aliona katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili kwamba wafanyakazi hawaugui, ingawa wanashinda na wagonjwa. Tofauti ilikuwa mezani. Yeye na mwanauchumi Edgar Sydenstricker wakaingia vijiji vya viwanda vya pamba huko South Carolina, wakapima kipato cha kila kaya na chakula ilichonunua. Ugonjwa ulifuata umaskini hatua kwa hatua, na ulifuata pamba: ardhi iliyopandwa zao la biashara hadi mlangoni haikuacha nafasi ya ng'ombe wala bustani. Mfanyakazi alibaki na unga wa mahindi, molasi (asali ya miwa) na mafuta ya nguruwe.

Viongozi wa huko walikasirika kuambiwa kwamba watu wao wana njaa ya aina hiyo. Jiandae kwa hasira hiyo. Ripoti ya lishe ikisema ukweli humwaibisha mtu mwenye madaraka, na aibu hujibu kwa ukali kuliko ubishi wa kitaalamu. Tumeona ripoti nzuri zikifia mezani kwa sababu zilichapishwa kabla ya mhusika kuoneshwa takwimu faraghani. Mwoneshe kwanza, mpe muda apate la kusema, ndipo uchapishe. Usibadilishe takwimu hata moja kwa ajili yake.

Niasini ilitambuliwa kuwa dawa mwaka 1937, na miaka ya 1940 Marekani ikaanza kuirudisha kwenye unga na mkate. Hapo ndipo inaanza kazi ambayo wengi wenu mtaikuta mezani: urutubishaji, yaani kutia virutubishi kwenye chakula. Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi inapopotea.

Anza na kiasi cha unga ambao mtu mmoja anakula kwa siku. Tani zilizozalishwa hazikupi jibu hilo, wala tani zilizouzwa. Viwango vya Shirika la Afya Duniani hutegemea namba hiyo. Watu wakila wastani wa gramu 75 hadi 149 za unga wa ngano kwa siku, asidi ya foliki (vitamini B9) inayopendekezwa ni miligramu 2.6 kwa kilo ya unga; wakila gramu 150 hadi 300, ni 1.3, wakizidi gramu 300, ni 1.0. Madini chuma ya aina ya NaFeEDTA hushuka vivyo hivyo, kutoka miligramu 40 kwa kilo hadi 20, hadi 15. Ukinakili kiwango cha nchi jirani bila kupima ulaji wa watu wako, utawapa pungufu au utawazidishia.

Halafu aina ya chuma. Hapa ndipo kosa la gharama kubwa zaidi hufanyika, na hufanyika kimya. Chuma safi kilichosagwa ni cha bei nafuu, hakibadilishi rangi ya unga, mwenye kinu anakipenda. Tatizo ni kwamba mwili hukipokea kwa shida. Programu inaweza kwenda miaka kadhaa, karatasi zote zikaonesha unga umerutubishwa, na wanawake wakabaki na upungufu wa damu uleule. Kwa unga wenye pumba nyingi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu fitati iliyo kwenye pumba hukamata chuma tumboni. Kwa unga wa namna hiyo aina inayopendekezwa ni NaFeEDTA peke yake, na ni ghali zaidi. Mwenye kushika bajeti ataomba mbadala. Mwambie wazi kwamba mbadala huo ni kununua vumbi.

Mashine ya kudondosha virutubishi iwekwe baada ya mikondo yote ya unga kukutana, na mbele yake pabaki mita kadhaa za parafujo la kusukumia ili mchanganyiko uenee. Iunganishwe na umeme wa kinu, kinu kikisimama nayo isimame; vinginevyo unga wa kwanza baada ya umeme kurudi utakuwa na dozi ya kutisha. Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kinu kinasaga tani 2 kwa saa, kipimo ni gramu 250 za virutubishi kwa tani: mashine inapaswa kudondosha gramu 500 kwa saa, yaani kama gramu 8.3 kwa dakika. Kinga bakuli dakika mbili, pima, andika. Fanya hivyo kila zamu. Mwisho wa mwezi linganisha daftari mbili: tani 40 zilizosagwa ziwe zimekula kilo 10 za virutubishi. Zikiwa zimekula kilo 6, kuna mtu amezima mashine usiku.

Kuna pia jaribio la madoa. Unga hulazwa bapa, hulowanishwa, kisha hudondoshewa mchanganyiko wa thiosayaneti ya potasiamu na asidi ya hidrokloriki. Chuma cha NaFeEDTA huonekana kama madoa mekundu. Vaa glavu na miwani. Jaribio hili linakuambia kama kuna chuma na kama kimeenea. Kiasi chake hukijui mpaka maabara, na tumeona wakaguzi wakiandika "kimefaulu" kwa madoa matatu. Mifuko ya virutubishi ikae gizani, pakavu, imefungwa, ya zamani itumike kwanza. Mwanga na unyevu huua vitamini kabla hazijaingia kwenye unga.

Ikiwa yote hayo yanachosha, tazama Kanada. Iliagiza asidi ya foliki kwenye unga mweupe mwaka 1998. Watoto wenye mgongo wazi na kasoro za aina hiyo walikuwa 1.58 katika kila uzazi 1,000 katika mikoa iliyochunguzwa. Baada ya urutubishaji kamili wakawa 0.86. Ushauri wa kliniki peke yake hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu mfereji wa neva wa mtoto, unaogeuka ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Anayepanga kuzaa aanze mikrogramu 400 kwa siku angalau mwezi mmoja kabla, aendelee hadi wiki ya 12. Asiyepanga analindwa na unga tu.

Chumvi yenye madini joto (ayodini) ina historia ndefu zaidi: Uswisi ilianza mwaka 1922, Michigan huko Marekani mwaka 1924, na goita ikapungua kwa kasi. Penye joto na unyevu tumia ayodeti ya potasiamu, kwa sababu ayodaidi hupotea upesi. Nyumbani chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Wataalamu wa goita na wataalamu wa shinikizo la damu wamezoea kuvutana juu ya chumvi, bila sababu. Ukiwaambia watu wapunguze chumvi, ongeza madini joto katika kila kilo: kwa ulaji wa gramu 10 kwa siku kipimo ni miligramu 20 kwa kilo, kwa gramu 5 ni 39. Wizara moja, meza moja, namba moja. Kile kitone cha majaribio kinachogeuza chumvi kuwa ya buluu huonesha tu kwamba madini yamo.

Sumukuvu ni habari nyingine, maana hapo shida ni kilichoongezeka. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula cha mashudu ya karanga, na hapo aflatoksini ikajulikana. Mwaka 2004 nchini Kenya ilisumu watu 317 kwa mahindi yaliyoota kuvu, na 125 wakafa. Hiyo ni sumu ya ghafla. Ile ya kidogokidogo huharibu ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari ya saratani huzidi mara nyingi. Kupika hakuiondoi.

Kazi yote iko kati ya kuvuna na kufunga gunia. Kausha juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu uwe asilimia 13 au chini yake. Usipokuwa na kipimo, chukua chupa kavu, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Usifunge mahindi mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa kudhani mfuko utaokoa. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, kwa sababu sumu hujikusanya kwenye punje chache. Na ulizozitoa usimpe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na anayekunywa maziwa zaidi ni mtoto.

Kuhusu sukari, jaribio kubwa lilifanyika bila mtu kulipanga. Uingereza iligawa sukari kwa mgao kuanzia Januari 1940 hadi Septemba 1953. Mgao ulipokoma, ulaji wa mtu mzima ukapanda karibu mara mbili, kutoka kama gramu 40 kwa siku hadi 80. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulilinganisha waliotungwa mimba na kulelewa utotoni chini ya mgao na waliofuata baadaye. Kundi la kwanza lilikuwa na hatari ndogo ya kisukari aina ya pili kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20. Zile siku elfu moja za mwanzo zilibaki mwilini zaidi ya nusu karne. Ikiwa nchi yako ina fedha ya jambo moja tu kuhusu sukari, izitumie kwenye vyakula na vinywaji vinavyouzwa kwa ajili ya wajawazito na watoto chini ya miaka miwili.

Nchi iliyotufundisha mengi zaidi ni Ufini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa Karelia Kaskazini walikuwa wakifa kwa moyo katika umri wa kufanya kazi kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa duniani. Mradi ulioanza 1972 chini ya Pekka Puska haukuishia kwenye mihadhara. Viwanda vya soseji vilibembelezwa vipunguze mafuta na chumvi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao siagi ilikuwa riziki yao, wakasaidiwa kuingia kwenye kilimo cha matunda ya beri. Hapo pana uchungu wa kweli: huwezi kumwambia mkulima zao lake linaua jirani zake kisha ukaondoka. Katika miongo iliyofuata vifo vya moyo kwa wanaume wa umri huo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Udongo wa nchi hiyo pia una upungufu wa madini ya seleniamu ambayo mimea inaweza kuifyonza. Mwaka 1984 Ufini iliamua kuitia kwenye mbolea, miligramu 16 kwa kilo kwa mbolea ya nafaka. Ikapanda kutoka udongoni hadi kwenye ngano, majani, maziwa, nyama, na damu ya watu. Ilipoonekana imepanda kupita ilivyohitajika, mwaka 1990 kipimo kikashushwa hadi 6. Kikawa kidogo mno. Mwaka 1998 kikapandishwa hadi 10. Kila mara uamuzi ulitokana na sampuli za nafaka, maziwa na damu zilizokuwa zikichukuliwa mwaka hadi mwaka. Unapoandika bajeti ya programu yako, fungu la sampuli hizo ndilo la kwanza watakalotaka kulikata.